Koti Lililorudi Peke Yake

Siku tuliporuhusiwa kutoka hospitali ya Peramiho, mama hakuniuliza daktari amesema nini. Alijua. Moyo umechoka, miguu imevimba, mpelekeni mkakae naye nyumbani; hayo hata mtoto anayaelewa. Alisubiri nimalize kumfunga kanga mabegani, kisha akasema, "Sasa nisikilize. Nataka nife mjane."

Nilidhani dawa zimempanda kichwani. "Mama, maneno gani hayo?"

"Maneno yangu. Miaka yote hii si mke, si mjane. Kamwambie baba yako mdogo aanue tanga la mume wangu. Nilione kwa macho yangu, ninyolewe nywele, ndipo niende."

Nilimwambia tutazungumza tukifika nyumbani Mjimwema. Akanijibu kwamba hajaniomba tuzungumze, ameniomba nikaseme. Mama yangu ndivyo alivyokuwa, na wanaosema nimerithi mdomo wake hawajakosea.

Baba alivuka mto Ruvuma nikiwa bado nabebwa mgongoni. Msumbiji ilikuwa mikononi mwa Wareno, sisi tulikwishapata bendera yetu, na vijana wa hapa kwetu walijitolea kuwabebea mizigo wapigania uhuru wa ng'ambo. Malori yaliishia mpakani. Kutoka hapo ni kichwa cha mtu: magunia ya unga, mablanketi, na masanduku ambayo hukuambiwa yana nini wala hukuuliza. Mnavuka kwa mtumbwi, mnatembea porini, mnatua, mnarudi. Baba alikwenda na kurudi mara kadhaa. Safari moja hakurudi. Lilirudi koti lake.

Koti lenyewe lilikuwa la babu, zito, la rangi ya udongo, ambalo alirudi nalo kutoka Burma, alikopelekwa kupigana vita ya Waingereza. Babu alimwachia baba kwa sababu baridi ya Songea mwezi wa sita haina mchezo. Lilitoka Burma na mwenyewe ndani yake. Kutoka Msumbiji lilikuja limekunjwa chini ya kwapa la mtani wetu.

Huyu mtani ni Mhehe. Baba yake alihamia huku akiwa fundi wa kupasua mbao, naye akazaliwa na kukulia jirani na kwetu. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na kutokana na vita hivyo ndipo ukaja utani: anakutukana mbele ya wakwe zako, anakamata kuku wako mchana kweupe, na wewe huna pa kumshitaki. Yeye akituita wala panya, sisi tukimwita mla mbwa, kisha tunakula pamoja. Ukifiwa, yeye ndiye anayelala ndani ya kaburi la marehemu wako akidai hatoki mpaka apewe chochote. Yeye na baba walibeba mizigo pamoja tangu safari ya kwanza.

Basi siku aliyorudi peke yake, mama aliniambia, alisimama uani, akamrushia lile koti, akacheka. "Mumeo anakusalimia. Anasema kule ni joto, koti halimfai. Na amekwishapata wa kumpasha moto, usihangaike."

Mama alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Ndivyo inavyotakiwa, mtani akikuchokoza, humwachi aende mkavu. Alidhani baba yuko nyuma, anakuja kesho. Kesho ikaja bila baba, na mwaka ukaja bila baba, na Msumbiji ikapata uhuru wake, redio zikaimba, wakimbizi waliokuwa kwetu wakafunga mizigo wakarudi makwao, na baba hakuonekana.

Hapo ndipo mzaha ule ulipogeuka ushahidi. Ukoo wa baba ulikaa kikao, wakasema lisemwalo lipo. Mtani ndiye aliyekuwa naye, na mtani amesema ana mwanamke kule. Kwa hiyo yu hai. Kwa hiyo halii mtu. Ukilia mtu aliye hai ni uchuro, unamchimbia shimo kwa mdomo wako. Mama aliomba, wakakataa. Akaomba tena baada ya miaka, wakakataa kwa ukali zaidi. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alimwambia mbele yangu, "Shemeji, wewe una hasira za kuachwa. Msiba si mahali pa kumalizia hasira."

Mungu anisamehe, siku ile nilitamani kumpiga mtu mzima.

Mama alinilea kwa mahindi na pombe. Alipika ugimbi mzuri kuliko mwanamke yeyote wa upande ule, na wanaume walipolewa walimwuliza, "Mama, yule wa Msumbiji hajambo?" Alijibu hajambo, akawajazia kopo. Shuleni wenzangu waliniita Mreno. Nilipigana sana. Nilipokua nikawa mwalimu, na kwa maajabu ya dunia wakanipa somo la historia. Miaka na miaka nimesimama mbele ya ubao kufundisha ukombozi wa Afrika: nchi yetu ilijitolea, wananchi walichanga, mipaka yetu ilikuwa wazi kwa ndugu zetu. Watoto wakaandika, wakafaulu. Mimi nilirudi nyumbani na chaki mikononi nikamkuta mama anapiga pasi koti la mtu aliyetukimbia.

Ndiyo, alilipiga pasi. Alilianika juani kila baada ya masika lisiote ukungu. Hakuwahi kulivaa. Kila mwezi wa pili mjini kwetu tunawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani. Watu wanapanga mistari, wazee wanavaa ngozi, majina yanasomwa. Mama alikuwa haendi. Alisema, "Waende wenye majina."

Na mtani? Mtani hakutoka kwetu. Akija anaanza na uchokozi wake: mumeo amekutumia salamu, mumeo ameongeza wa tatu, mumeo sasa anaota kitambi. Mama akimfukuza na mwiko. Kisha anapanda juu ya paa anaezeka palipovuja. Anatulimia shamba la bondeni kabla hajalima lake. Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu alinibebea sanduku mpaka stendi huku akiniambia nitarudi na mimba ya mpishi. Nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja. Sikuwahi kujiuliza ni mtani gani anayeezeka nyumba ya mtani wake maisha yake yote. Tulikuwa tumezoea.

Basi nikaenda kwa baba mdogo. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia mama anakufa na anataka nini. Akaanza: uchuro, mila, mtu yu hai. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, "Baba, kama yu hai ana miaka mingapi sasa? Kama yu hai mbona hamjawahi kumtafuta? Mnamwogopa au mnamwonea aibu?"

Mke wake, ambaye siku zote nilimwona wa upande wao, alisema kutoka jikoni, "Mwacheni yule mwanamke apumzike, jamani."

Baba mdogo akakubali, ila kwa masharti. Lazima uzikwe mwili au kitu cha mwili. Mtu aliyepotea huzikwa kwa nguo zake. Koti lipo. Na lazima mtani avae nguo hiyo kwanza aigize marehemu, jinsi alivyotembea, jinsi alivyosema, watu wacheke, ndipo ivuliwe na kuzikwa. Bila hivyo tanga halianuki. "Kamwombe Mhehe wako," akasema.

Nilidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi. Nilimkuta mtani nyumbani kwake anapukuchua mahindi. Nikamwambia. Nilisubiri atukane. Hakutukana. Alisema mgongo unamuuma. Nikamwambia hatumwombi alime. Akasema amesahau baba alivyokuwa anatembea. Nikamwambia wewe? Wewe unayeigiza mpaka askofu? Akasema nitafute Mhehe mwingine, wapo tele.

"Hakuna mwingine aliyemjua," nikamwambia. "Mama yangu anakufa, mla mbwa wewe. Utakuja."

"Nitakuja," akasema. Hata panya hakunitajia.

Tulifanya mwezi wa sita, mahindi yakiwa yameshavunwa na yamelazwa barazani. Tulifunga turubai, tukakodi viti vya plastiki, tukapika ugali na maharage na mbuzi mmoja. Ugimbi alipika mke wa baba mdogo, na mama, akiwa amelala mkekani, alionja akasema kimea hakikuchipua vizuri. Padri alisali asubuhi akaondoka. Wanaume walichimba shimo dogo nyuma ya nyumba, karibu na makaburi ya babu na bibi, dogo kama la mtoto. Nilipoliona lile shimo ndipo nililia. Sikuwa na baba wa kumkumbuka. Nililia udogo wake.

Mama alikaa kwenye kiti, kitambaa cheusi kichwani, fimbo mapajani. Baba mdogo akatoa koti kwenye mfuko akamkabidhi mtani mbele ya watu. Watu wakaanza kuchangamka, kwa maana wanamjua. Mmoja akapaza sauti, "Mhehe, usije ukakimbia nalo kama mara ya kwanza!" Wakacheka.

Mtani akaingiza mkono mmoja. Akasimama hivyo, mkono mmoja ndani na mwingine nje, upande wa pili wa koti ukining'inia. Tukasubiri. Kisha akakaa chini, kwenye vumbi, mzee mzima.

"Siwezi," akasema.

Baba mdogo akamwambia asilete utani wa kupoteza muda.

"Leo sitanii. Niacheni niseme mara moja bila utani." Alimtazama mama. "Mumeo hana mwanamke kule. Mumeo hakumaliza hata siku mbili kule. Walimwua."

Nakumbuka kuku walikuwa wanaparua maganda ya mahindi, na hakuna aliyewafukuza.

Alisimulia akiwa amekaa palepale. Walifika kambini mchana na mizigo. Siku chache nyuma ndege za Wareno zilikuwa zimepiga kambi ya jirani, wamekufa watu wengi, wanawake na watoto, na wapiganaji walikuwa wanamtafuta aliyewaonyesha Wareno njia. Kila mtu alimtazama mwenzake vibaya. Kamanda alikuwa kijana tu, hajalala, macho mekundu. Akawauliza wabebaji kama njia ilikuwa salama. Na baba, badala ya kujibu kama mtu, akajibu kama Mngoni.

"Kwake yeye," mtani alisema, "watu wowote waliopigana na babu zake ni watani wake. Alijua Wangoni walivuka ule mto zamani wakateka watu. Akaona basi, hawa ni watani, tena wamenuna, ngoja niwachangamshe."

Mama aliuliza, sauti yake kavu kabisa, "Alisema nini?"

"Mama, yamepita."

"Nimekuuliza alisema nini. Kama alivyosema."

Mtani akaufuta uso kwa mkono wa koti. "Alisema: 'Nyinyi babu zenu walikuwa mateka wa babu zangu, kwa hiyo ni mali ya ukoo. Mreno akinipa chumvi na blanketi, kesho asubuhi nawauza wote, na chenji nadai.'"

Ni mzaha wa kawaida kabisa. Mtani mwenyewe nimemsikia akisema vibaya zaidi ya hapo kwenye harusi. Hapa kwetu mtu angejibiwa kwa tusi kubwa kuliko hilo, wakakaa, wakala. Kule kulikuwa na makaburi mabichi.

"Nilicheka," mtani alisema. "Nilikuwa peke yangu. Nikaona hakuna mwingine anayecheka, nikanyamaza. Wakamchukua. Niliwaeleza, nilipiga magoti nikawaeleza utani ni nini. Yule kijana akaniuliza, kwenu mtu anaweza kusema atawauza wenzake, na watu wakacheka? Nikasema ndiyo. Akaniambia, basi nyinyi bado hamjaonja vita. Asubuhi wakamtoa. Alivua koti mwenyewe, akanipa. Akasema, 'Kamwambie huku ni joto.' Mpaka pale alikuwa anatania. Hayo mengine ya mwanamke niliongeza mimi."

Baba mdogo alifoka. "Kwa nini? Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Waliniambia nikifungua mdomo nitamfuata. Na huku kwetu mlikuwa mnachanga mablanketi! Mnapeleka kuku! Ningesema ameuawa kwa ujasusi, mngesema nini? Mngesema alikuwa jasusi. Huyu," akaninyooshea kidole, "angekuwa mtoto wa jasusi. Angekuwa mwalimu? Nikaona bora awe na baba mhuni."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hiyo nimewafundisha watoto wa watu bila kujua naisema nyumba yangu. Nilimtazama yule mzee kwenye vumbi, nikatamani kumkumbatia na kumtia kidole cha jicho. Mama yangu alikuwa na miaka ishirini na kitu mtu huyu alipomrushia koti. Angeweza kulia, angenyolewa, angeolewa. Angekuwa na watoto wengine wa kumshika mkono siku hiyo. Nilifungua mdomo nianze, na nikianza mimi sisimami.

Mama alinigonga mguu kwa fimbo. "Nyamaza wewe."

Alisimama. Nikataka kumshika, akanisukuma. Alimwendea mtani taratibu, akamvua lile koti lililovaliwa nusu, akalivaa. Lilimfika kwenye vifundo. Mwanamke aliyelitunza maisha yake yote, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona ndani yake.

Kisha akafanya kitu ambacho sikujua anakiweza. Alitanguliza mguu mmoja, ule wenye uvimbe. Mkono mmoja akautia kiunoni. Kidole kidogo cha mkono wa pili akakipeleka nyuma ya sikio, akajikuna kidogo, akafumba jicho moja. Baba mdogo alisema "Yesu Maria" kwa sauti ya chini. Hapo nikajua ni yeye. Nina miaka sitini, na ndiyo siku niliyomwona baba yangu.

"Nyinyi!" mama akasema, kwa sauti nzito ya kiume iliyokwaruza. "Babu zenu walikuwa mateka wa babu zangu! Mali ya ukoo nyinyi! Mreno akinipa chumvi na blanketi, kesho asubuhi nawauza wote. Na chenji nadai!"

Watu waliangalia chini, waliangalia viatu vyao. Wengine walikwishaanza kulia.

"Chekeni," mama akasema.

Hatukuweza.

"Nimesema chekeni! Kule hawakucheka. Mnataka kumwua mara ya pili? Chekeni!"

Mtani ndiye aliyeanza. Alicheka akiwa palepale chini, kicheko kibaya, machozi yakimtiririka. Akafuata baba mdogo. Akafuata mke wake jikoni, na wanawake waliokuwa wakigawa pombe, na mimi. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Na kweli, ukiutazama wenyewe, mzaha ulikuwa unachekesha. Ile ya chenji. Alikuwa mtu wa kuchekesha, baba yangu, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama alivua koti akalikunja mwenyewe, mikono ndani, ukosi juu, kama alivyolikunja miaka yote. Akalipeleka kwenye lile shimo kwa miguu yake. Wakafukia.

Aliporudi alikaa kwenye kiti, akafungua kitambaa cheusi. Wanawake wa ukoo wakasogea na wembe. Akawazuia kwa mkono.

"Yeye," akasema, akimwonyesha mtani. "Wewe ndiye uliyeniletea koti. Wewe utaninyoa."

Mtani alinawa mikono. Mara mbili alimkata, na mama akabaki ameinamisha kichwa. Mimi nilishika beseni. Sijamsamehe mzee yule mpaka leo, ingawa yeye ndiye aliyelala kwenye kaburi la mama kabla mvua hazijaanza, akidai kuku ndipo atoke, na mimi ndiye niliyempa. Lakini siku ile sikumwambia neno. Nilishika beseni tu, nywele zikawa zinadondoka ndani, nyeupe zote, na mama amefumba macho, mjane.